Mguu wa Abdi Chachu

Wakili wa tatu hakuwakataa. Aliwapa siku nne, na kwa watu waliozoea kuonyeshwa mlango, hiyo ilikuwa afadhali kubwa.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Ngazi zilikuwa kumi na tisa. Arero alizipanda kwa magongo, moja moja, na mkewe Abiba akamfuata nyuma mikono mbele, tayari kumdaka. Walipofika juu, karani wa pale, Mworia, mzee wa Kimeru mwenye mvi na tai fupi, alitazama madoa ya vumbi ambayo magongo yalikuwa yameacha kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile. Alichukua kitambaa akafuta doa moja baada ya jingine mpaka kwenye miguu ya Arero, yaani kwenye mguu wake, akasubiri asogee ili afute na lile la mwisho.

Wakili Nyawira alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya mtu asiyependa kurudia. Alisoma karatasi zao zote kabla ya kuinua kichwa.

"Nani aligongwa na lori?" akauliza.

"Ni mimi," alisema Arero.

"Na wewe ni nani?"

"Arero Waqo Jattani. Kitambulisho iko hapo."

"Nimeiona. Hospitali pia wanasema ni Arero Waqo Jattani alikatwa mguu. Lakini hii abstrakti ya polisi inasema aliyegongwa ni Abdi Chachu." Aliigeuza ile fomu ili waione. "Sasa, huyu Abdi Chachu ni nani?"

Arero alimtazama mkewe. Abiba aliitazama sakafu.

"Hakuna mtu kama huyo," alisema Arero.

"Hapo ndipo shida iko. Wakili wa bima atasimama aseme, sisi tuko tayari kumlipa Abdi Chachu, mleteni. Na nyinyi hamna Abdi Chachu. Mna mguu mmoja tu ambao hauna ajali." Alivua miwani. "Na kesi ya kuumia huwa na miaka mitatu. Yenu inaisha Ijumaa. Leo ni Jumatatu. Mlikuwa wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa la aibu. Walikuwa wakisubiri. Lori lililomponda Arero likirudi kinyumenyume kwenye soko la mifugo lilikuwa la Kabiru, mwenye hadiwea ya saruji na mabati, na Kabiru hakukimbia. Alikuja na wazee wakaketi maslaha, kikao cha suluhu, chai ikanyweka, akasema mbele ya watu kumi na mmoja kwamba mguu wa Arero ni mzigo wake yeye. Wapo wanaodai kuwa Waborana wanaogopa korti. Si kuogopa. Mtu mzima akisema jambo mbele ya wazee, kumkimbilia wakili ni kumwita mwongo mchana kweupe, nao hawakutaka kumvunjia Kabiru heshima. Kabiru alilipa kitanda cha hospitali, akaleta mchele Ramadhani mbili, kisha simu yake ikawa haishikwi. Ndipo walipoanza kutafuta mawakili. Wa kwanza alikaa na faili miezi mitano akairudisha bila hata kuifungua. Wa pili alikuwa na wazo la ajabu: alitaka watafute mwanamume yeyote anayeitwa Abdi Chachu, Isiolo hawakosekani, awaazime jina. Abiba ndiye aliyesimama kwanza siku ile. "Mguu ni ya huyu," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu, akatoka na karatasi zake.

"Nani aliwapa polisi hili jina?" aliuliza Nyawira.

"Ni mimi," alisema Abiba. "Hospitalini. Polisi aliuliza bwana yako anaitwa nani. Nikasema Abba Chachu."

"Abba Chachu."

"Baba ya Chachu. Mtoto yetu wa kwanza. Yeye akaandika vile alisikia."

Nyawira aliweka kalamu chini taratibu. "Kwa nini hukumwambia jina lenyewe? Jina lake ni nani?"

Wakili akangoja. Mworia, aliyekuwa mlangoni na kitambaa chake, naye akangoja.

"Hawezi," alisema Arero, nusu akicheka, nusu akiona haya. "Kwetu mama hataji jina ya bwana yake. Hata ya baba yangu hawezi."

"Mmeoana miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Miaka kumi na minane, na hajawahi kukuita jina?"

"Ananiita. Ananiita Abba Chachu."

Kabla Chachu hajazaliwa Abiba alikuwa akimwita "wewe", au akikohoa kidogo. Hakuona ugumu wowote. Jina la mkwe wake, Waqo, lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa linakaribiana na neno la Kiborana la Mungu, na kwa hiyo tangu siku ya harusi Abiba alisema Rabbi tu, hata pale wengine walipolitumia lile jingine. Ni heshima. Mwanamke aliyelelewa vizuri huizoea mpaka ulimi wenyewe unajua pa kupitia.

"Basi nisikilizeni," alisema Nyawira. "Pesa ya mbele sitawaitisha, mtatafuta tu ya kufungulia kesi. Lakini siwezi kwenda kortini na Abdi Chachu. Polisi wabadilishe hii jina. Mkiniletea abstrakti yenye jina la mwenye mguu kabla ya Ijumaa saa sita, mimi ni wakili wenu. Mkikosa, hata mkiniletea ngamia siwezi."

"Mimi nilienda kituoni mwenyewe," alisema Arero. "Wakasema mtu anaweza kuja tu aseme mguu ni yake. Siku hizi kesi za ajali zinanunuliwa. Wanataka yule aliwapa jina."

Nyawira akamgeukia Abiba. "Basi ni wewe, Mama Chachu."

&nbsp;

Kabla ya ajali Arero alikuwa dalali wa mbuzi, na si dalali wa hivi hivi. Sokoni bei haitangazwi. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, vidole vinabonyezana, na wanaowazunguka hawajui kama ni elfu sita au elfu tisa. Arero alikuwa na vidole vyenye subira, na watu walitoka Garbatulla kumtafuta yeye. Lakini mwenye magongo mawili hana mkono wa kuingiza chini ya shuka. Akiachia gongo moja anayumba. Akikaa kitako, soko lote linasimama juu ya kichwa chake na hakuna anayemwona. Alijaribu majuma mawili, kisha akarudi nyumbani, na sasa alikuwa akimsaidia Abiba kukoroga na kuonja maziwa ya ngamia aliyouza, kazi ambayo wanaume wenzake waliitaja wakitabasamu.

Mguu wa bandia, ule mzuri wenye goti linalokunjika, ulikuwa na bei ambayo maziwa hayangeifikia kamwe. Abiba alikuwa ameuona hospitalini, umevaliwa na mwanamume aliyekuwa akitembea ukumbini na mikono yake yote miwili mfukoni. Tangu siku hiyo hakutaka kingine.

"Tuiache," alisema Arero jioni ile. Nyumbani walisemezana kwa Kiborana, na kwa Kiborana Arero hakuwa mtu wa maneno machache. "Nimefikiri njia nzima. Mke wangu asimame mbele ya askari na wanaume wa foleni, aanze kutaja majina ya nyumba yangu kama anayenadi mbuzi? Watasema Arero ameuza mpaka adabu ya mkewe. Heri nikae na magongo."

"Wewe ukae na magongo," alisema Abiba, "na mimi nikae na wewe umekaa na magongo. Umenifikiria mimi?"

"Nakufikiria wewe ndiyo maana nasema."

"Basi fikiria vizuri. Mimi ndiye nilisema Abba Chachu. Angeulizwa mwanamke mwingine angetaja, tungelipwa zamani. Hii kesi imefungwa na mdomo wangu."

Mama yake Arero, ambaye nyumba nzima ilimwita Akko, bibi, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango akisugua kibuyu. Alisikia kila neno. Alikuwa na miaka sabini na kitu na masikio mazima.

"Jina la mume wangu," alisema bila kuinua macho, "litatajwa kituo cha polisi?"

Akko akaendelea kusugua kibuyu ambacho kilikuwa kimekwisha takata.

&nbsp;

Jumanne Abiba alikwenda kituoni peke yake. Njiani alijiambia ni neno tu. Maneno mangapi amesema maishani mwake, ya maana na ya upuuzi? Alilifanyia mazoezi kimoyomoyo, na kimoyomoyo lilitoka vizuri kabisa.

Askari wa mezani aliitwa Ebei, Mturkana mrefu mwenye mwandiko wa kupendeza. Yule aliyeandika Abdi Chachu alikuwa amekwisha hamishwa. Ebei alilitafuta tukio kwenye vitabu vya zamani kwa robo saa, akalipata, akachukua kalamu.

"Mama, unasema jina iliandikwa vibaya."

"Ndio, afande."

"Jina ya ukweli ni gani?"

Abiba akafungua mdomo. Akaufunga. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani.

"Hii ni ya nani?" aliuliza Ebei.

"Ya Abba Chachu."

Nyuma yake mtu alicheka. Foleni ilikuwa na watu saba, wengi wao wanaume, na mmoja, mwenye kofia ya sufu aliyekuja kuripoti pikipiki, alisema kwa sauti, "Mama hajui jina ya bwana yake! Labda wako wengi." Wengine wakacheka pia. Masikio ya Abiba yalipata moto.

"Afande, soma tu hapo. Iko imeandikwa."

"Naiona, mama. Hata mimi najua kusoma." Ebei hakuwa mkali. "Lakini siku ile kitambulisho hakikuongea. Wewe ndiye uliongea. Kesho wakili wa bima akiniuliza nani alikuambia ubadilishe, nitasema niliambiwa na kadi? Lazima niandike: mama fulani amefika mbele yangu akasema hivi. Na lazima useme."

"Nikitingisha kichwa wewe ukisema?"

"Wakati mimi nasema, wewe unatingisha? Hiyo ni ushahidi yangu sasa."

Mwenye kofia akauliza kama wanaweza kuhudumiwa wengine huku mama akikumbuka. Abiba alivuta pumzi. Alilitafuta neno, akalipata, akalifikisha mpaka kwenye meno, na pale likakataa. Si woga wa askari. Ilikuwa kama kuambiwa uvue nguo mbele ya baba mkwe, na mkono wenyewe hauinuki. Alikichukua kitambulisho akakirudisha mkobani.

Ebei alimtazama, akashusha sauti. "Mama yangu pia, kule kwetu, hajawahi kumtaja babu yangu. Anamuita yule mzee. Naelewa. Lakini siwezi kukusaidia na hiyo. Niko hapa mpaka Alhamisi."

Abiba alipita katikati ya foleni bila kumtazama mtu. Alipofika nje alilia kidogo kwa hasira, kando ya ukuta, kisha akajipangusa kwa ncha ya buibui na kwenda kuuza maziwa, maana maziwa hayangoji.

&nbsp;

Jumatano nyumbani ilikuwa maziwa na vibuyu tu. Arero alidhani mambo yamekwisha, akaona nafuu, akaionea nafuu yake aibu.

Alhamisi asubuhi Abiba alikuwa jikoni akifukiza vibuyu kwa moshi wa mti, kama afanyavyo kila siku ili maziwa yakae, Akko alipoingia na kufunga mlango. Akko hakuwa na desturi ya kuingia jikoni kwa mkaza mwanawe. Alibaki amesimama, ameshika mwimo wa mlango.

"Unakwenda tena leo," alisema.

"Nakwenda, Akko. Unikasirikie tu. Nitalisema hata kama nitalitapika."

"Hulisemi. Ningejua ungelisema, ningekwisha kulisikia juzi kutoka kwa watu." Kikongwe alipepea moshi usoni. "Mimi niliolewa na mzee wangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nikamzalia saba. Nikamzika. Hata siku ya kumzika, waliponiuliza, nilisema baba wa watoto. Unajua?"

"Najua."

"Waqo," alisema Akko.

Abiba aliangusha kibuyu.

"Waqo," Akko alirudia. "Waqo Jattani. Haya. Nimetangulia mimi. Kama kuna kosa, ni langu, na mimi ndiye nitakayekutana naye kwanza, nitamweleza. Na la mwanangu si lenu nyinyi, ni langu, mimi nilikuwapo alipopewa. Arero. Nakupa. Nenda nalo."

Abiba alimshika mkono akaubusu, na Akko akauvuta haraka, maana hakupenda mambo hayo.

"Okota kibuyu changu, utamaliza kukifukiza ukirudi," alisema. "Na huyo mlemavu wako aende na wewe. Asikae hapa kunichungulia siku nzima."

&nbsp;

Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Jumanne. Arero alikataa benchi. Alisimama kando ya mkewe juu ya magongo, kichwa wima, na jasho lilimtiririka shingoni, lakini hakukaa. Alikuwa ameambiwa njiani yaliyotokea jikoni.

"Karibu, mama," alisema Ebei. Alifungua ukurasa. "Niambie."

Abiba alishika ukingo wa meza.

"Mimi ni Abiba," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Niko na miaka thelathini na nane. Ile siku lori ilimgonga bwana yangu, mimi nilisema Abba Chachu kwa sababu ya heshima. Hakuna mtu anaitwa Abdi Chachu. Bwana yangu anaitwa Arero Waqo Jattani."

Limetoka. Dari haikuanguka. Mzee mmoja wa Kiborana aliyekuwa kwenye benchi alishusha macho akayatazama makubazi yake, kama mtu aliyemkuta mwanamke wa watu akioga, naye Arero alikaza mikono kwenye magongo mpaka vifundo vikawa vyeupe.

"Pole pole, mama," alisema Ebei. "Niandike vizuri isije ikaharibika tena. Arero?"

"Arero."

"Halafu?"

"Waqo." Hapo sauti ilikatika kidogo. Alimfikiria Akko ameshika mwimo wa mlango, akaendelea. "Waqo Jattani."

"Jattani ni na t moja ama mbili?"

"Afande, mimi sikusoma. Mimi najua tu kuisema."

Ebei aliangalia kitambulisho, akaandika t mbili. Kisha akasoma maelezo yote mwanzo mpaka mwisho, akamwambia alithibitishe jina kwa mara ya mwisho, na Abiba akalithibitisha, safari hii bila kushika meza. Akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kwenye karatasi. Muhuri ukapigwa. Ada ya fomu mpya ikalipwa, na Abdi Chachu, ambaye alikuwa ameishi miaka mitatu kasoro siku moja, akafutwa kwa mstari mmoja ulionyooka.

&nbsp;

Ngazi kumi na tisa tena. Safari hii Mworia aliwaona kutoka juu, akashuka mpaka ya nne, akampa Arero bega. Vumbi lilibaki sakafuni.

Nyawira aliisoma abstrakti mpya mara mbili, akailinganisha na karatasi ya hospitali, akatoa karatasi nyingine kwenye droo.

"Hii ndiyo inasema mmenichukua niwe wakili wenu," alisema. "Mzee atie sahihi hapa. Sitawadanganya, mtu wa bima atapigana, na Kabiru atakuja na wazee wake mseme yaishe. Mtavumilia?"

"Wazee tulishawapa miaka yao," alisema Abiba. "Sasa ni zamu yako."

Arero alitia sahihi. Kwenye meza nyingine Mworia alikuwa amekwisha anza kupiga chapa. "Jina la mdai?" aliuliza, kalamu sikioni. Arero alifungua mdomo ajibu, kisha akaufunga, akageuka kumtazama mkewe, akangoja.

Abiba alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mzee," alimwambia Mworia, "si uko na karatasi hapo mbele yako? Soma."

Kesi ilifunguliwa kwa mtandao saa tisa na robo Alhamisi hiyo, ada ikalipwa kwa pesa za maziwa, na Mworia akawachapishia risiti ya korti yenye namba. Abiba aliikunja mara nne akaiweka kifuani.

Chini, mbele ya duka la dawa, Arero alisimama apumue. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipita na mbuzi kuelekea sokoni. Aliwatazama, hasa mikono yao.

"Kule kituoni," alisema kwa Kiborana, "ulilitaja mara ngapi?"

"Tatu. Hukuhesabu?"

"Mimi nilisikia mbili tu."

"Zilikuwa tatu."

"Mbili. Kulikuwa na kelele." Alikuwa akitazama barabara, lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa ikicheza. "Ile ya tatu nakudai, sijaisikia."

Abiba alitazama kulia, akatazama kushoto. Akajifunika mdomo kwa ncha ya buibui, maana alikuwa akicheka na alikuwa karibu kulia, akakohoa kidogo, vile alivyokuwa akikohoa zamani kabla mtoto hajazaliwa.

"Twende nyumbani, Abba Chachu," alisema. "Mama yako anasubiri kibuyu chake."